Magari Tusiyoyatazama Mara Mbili

Ndugu msomaji, Jumapili ni siku ya ndoo na sabuni. Kuanzia Magomeni hadi Mbagala, asubuhi kama ya leo utamwona baba mwenye nyumba amekunja suruali hadi magotini, watoto wameshika vitambaa, na gari la familia linasuguliwa kana kwamba linakwenda harusini. Gari lenyewe aghalabu ni Toyota, ni kuukuu, na rangi yake ni nyeupe au ya fedha. Mpita njia haligeukii. Hata mwenyewe ukimwuliza atakwambia kuwa hilo ni la kusogezea siku tu, mpaka Mungu atakapomjalia jingine. Juu ya magari ya namna hiyo ndiyo nakusudia kuzungumza nawe leo, kwa sababu naamini kwamba baadhi yake, miaka ishirini ijayo, yatatafutwa kwa tochi na watu wenye fedha zao, na hayatapatikana.

Huenda ukacheka. Basi na tuanze na mambo yaliyokwisha kutokea.

Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe ilikuwa gari la mwalimu, la padri na la karani. Injini ilikaa nyuma, haikupozwa kwa maji bali kwa upepo, na mlio wake ulifika nyumbani kabla ya mwenye gari. Ziliundwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Puebla, nchini Mexico, mwezi Julai mwaka 2003. Kwa hesabu ya kawaida ya sokoni, kitu kilichotengenezwa kwa wingi wa namna hiyo hakingetazamiwa kuwa na thamani kikizeeka. Lakini leo mtu aliyeitunza Volkswagen yake ya miaka ya 1960 ikiwa kamili hana haja ya kumtafuta mnunuzi. Wanunuzi humtafuta yeye.

Hapa kwetu Afrika Mashariki ushahidi ni Peugeot. Ile 404 ilishinda mashindano ya Safari mara 4, yaani mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva wa Tanzania. Ndugu yake, 504, ikashinda mwaka 1975. Walakini watu hawakuipenda Peugeot kwa sababu ya vikombe peke yake. Waliipenda kwa sababu gari walilolisikia redioni likikata matope lilifanana sana na lile lililowachukua kwenda kumzika babu: lile refu lenye safu tatu za viti, mabegi juu ya paa, na mtoto amepakatwa. Leo 504 iliyo kamili ikipita mjini, wazee husimama.

Mfano wa tatu ndio unaonifurahisha kuliko yote. Katika Ujerumani Mashariki, nchi ile iliyosaidia kujenga majumba ya Michenzani kule Unguja, lilikuwapo gari liitwalo Trabant. Lilitengenezwa kuanzia mwaka 1957 hadi 1991, yapata milioni 3 kwa jumla. Sehemu kubwa ya bodi yake haikuwa bati. Ilikuwa mchanganyiko wa mabaki ya pamba na gundi ya kiwandani ulioshindiliwa ukawa mgumu. Injini yake ilikunywa mafuta yaliyochanganywa na oili, kama ya pikipiki ndogo za zamani, na moshi wake ulijulikana mtaa mzima. Hata hivyo raia alisubiri zaidi ya miaka kumi kulipata. Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa mwaka 1989, watu wale wale waliosubiri miaka kumi waliyaacha Trabant barabarani na kukimbilia magari ya Magharibi. Yalitupwa, yalivunjwa, yalitaniwa. Na leo? Kuna vyama vya wapenzi wa Trabant, na watalii mjini Berlin hulipa fedha ili waendeshwe ndani yake.

Tazama basi njia ambayo gari hupitia. Kwanza huwa jipya, likaoshwa kila siku. Kisha huwa kuukuu, likaoshwa Jumapili. Baadaye huwa takataka, na hapo ndipo mengi huangamia, kwa kuwa hakuna anayeona sababu ya kulipia rangi gari ambalo thamani yake haifiki bei ya rangi hiyo. Miaka ikipita, mtoto aliyekuwa akilala kiti cha nyuma huwa mtu mzima mwenye mshahara, akalikumbuka lile gari, akaanza kuulizia. Hapo ndipo anapogundua kwamba yalikuwa mengi mno hata hakuna aliyejali kubakiza moja.

Sisi tumekwisha kupoteza baadhi. Chai maharage, zile pikapu zenye mabenchi ya mbao, abiria wakitazamana kama walioketi meza moja ya mama ntilie, ziliubeba mji wa Dar es Salaam nyakati ambazo mabasi yalikuwa haba. Kijana wa miaka 20 leo hajapata kuiona hata moja. Mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, yale marefu yaliyounganishwa katikati, ambayo watu waliyaita kumbakumba, nayo yamekwenda. Na kipanya, Hiace ndogo iliyomlazimu mtu mzima kuinama kama anayeswali, inaelekea huko huko. Mwezi Mei mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi katika Barabara ya Morogoro, daladala za njia hiyo ziliondolewa, na zilipochakaa zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Chuma hicho huyeyushwa kikawa nondo. Huenda, ndugu msomaji, kipanya ulichodandia ukienda shule sasa kimo ndani ya nguzo ya ghorofa.

Magari binafsi tuliyo nayo sasa yana historia yake, nayo si ndefu. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, mafuta yalipokuwa adimu hata magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na mlango ukaanza kufunguka. Katika miaka ya 1990 mlango huo ulikuwa wazi kabisa, na kilichoingia kwa wingi kilikuwa mitumba ya Japani. Wajapani wana desturi yao: gari sharti likaguliwe kila baada ya miaka miwili, ukaguzi wenyewe ni wa gharama, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake huongezwa. Hivyo Mjapani huona nafuu kuuza gari ambalo kwetu ni jipya kabisa. Kwa njia hiyo mfanyakazi wa kawaida wa Tanzania, ambaye baba yake hakupata kumiliki hata pikipiki, alijikuta na ufunguo mfukoni. Magari yaliyotengenezwa baina ya mwaka 1990 na 2005 hayakuwa mabati tu kwa watu hao. Ni kizazi cha kwanza cha familia nyingi kwenda kijijini kwa Krismasi au Idi bila kupigania nafasi stendi.

Sasa ni yapi yatakayopendwa? Nitakueleza maoni yangu, nawe una haki ya kubisha.

La kwanza halina ubishi: Mark II na Chaser za namba 100, zilizotoka Japani kuanzia mwaka 1996. Hapa tumezifanya teksi na magari ya harusi. Nyingi za kwetu zina injini ya lita 2 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, injini laini ambayo ikiwa nzima hutajua kama inaunguruma. Lakini bodi ni ile ile ya gari lenye injini ya lita 2.5 na turbo, ambalo vijana wa Japani hulitumia katika mchezo wa kuteleza kwenye kona, na ambalo Wamarekani wanaligombea. Marekani ina sheria kwamba gari la nje likitimiza miaka 25 laweza kuingizwa bila kutimizwa masharti ya usalama ya magari yao. Kwa hiyo Chaser ya mwaka 1996 iliruhusiwa mwaka 2021, na zile za mwisho za mwaka 2001 zimefikia zamu yake mwaka 2026. Mark II yenyewe ilikoma mwaka 2004, ikarithiwa na Mark X, nayo Mark X ikakoma mwaka 2019. Kwa ufupi, ukoo mzima umekwisha.

Ningeweza kuishia hapo kama ningekuwa natafuta sifa za vijana. Lakini moyo wangu uko kwa Corolla 110 na Carina Ti. Hayo ndiyo magari yasiyotazamwa mara mbili. Hayana kasi ya kusimuliwa, hayana umbo la kuchorwa ukutani, na yamefanana hata mtu hujaribu ufunguo wake kwenye gari la jirani. Carina hiyo ya mwaka 1996 hadi 2001 ilikuwa ya mwisho kuitwa Carina. Baada yake ilikuja Allion, nayo Allion na Premio zikakoma kutengenezwa mwaka 2021. Ndani ya Carina Ti kuna walimu, wauguzi, makarani wa benki na wachungaji. Kuna wanawake wengi ambao hilo lilikuwa gari lao la kwanza kulinunua kwa jina lao wenyewe. Iwapo hoja yangu juu ya Volkswagen ni sahihi, basi mrithi wake kwetu ni huyu.

Mtaniuliza habari za IST. Hapana shaka nitachekwa, maana IST imekuwa kichekesho cha mji, gari la kila mtu na la kila utani. Lakini ndiyo sababu nailetea heshima. Ile ya kwanza ilitoka mwaka 2002, ikauzwa hata Marekani kwa jina jingine, Scion xA, na hapa imekuwa shule ya udereva, teksi ya simu na zawadi ya binti aliyemaliza chuo. Wakati wake haujafika bado. Kwanza itadharauliwa zaidi. Dada yake mkubwa, Vitz ya mwaka 1999, iliyochorwa na Mgiriki Sotiris Kovos na kutunukiwa Ulaya cheo cha Gari la Mwaka 2000 kwa jina la Yaris, imekwisha kuingia katika dharau hiyo. Ukiiona iliyo safi, itazame vizuri.

Miongoni mwa magari ya juu juu, nazipa nafasi Suzuki Escudo ya milango mitatu ya kizazi cha kwanza, ambayo chini yake ina chesisi kamili kama lori dogo, na RAV4 ya mwaka 1994. Starlet pia, ambayo ilikoma mwaka 1999. Mimi nilifundishwa kuendesha kwa Starlet ya mjomba, na mpaka leo mguu wangu wa kushoto unaikumbuka klachi yake. Harrier sina hakika nayo. Gari lililopendwa kwa sababu ya kuogopwa barabarani hupoteza wapenzi siku linapotokea jingine la kuogopwa zaidi. Bajaji nayo isisahaulike: babu yake ni Ape, kigari cha miguu mitatu cha Piaggio cha mwaka 1948, na huko Italia Ape za zamani sasa zinapambwa na kuegeshwa mbele ya mikahawa kama maua.

Kinachoweza kuzidisha au kuua mapenzi ni fundi. Magari ya miaka hiyo yalikuwa katikati ya dunia mbili: yalikwisha kuacha kabureta, yakapata kompyuta ndogo, lakini bado fundi wa chini ya mwembe aliweza kuyaelewa kwa masikio. Yako mengine ya wakati ule ule yaliyoandikwa D4, ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa. Yana pampu nyepesi kuudhika, hayataki mafuta machafu, na mafundi wengi huyakimbia. Ukitaka gari la kuishi nalo uzeeni, tazama kwanza maandishi hayo kabla hujatazama rangi.

Kosa letu kubwa ni kwamba hatuyaachi yalivyo. Kijana akinunua Mark II, wiki ya kwanza hukata springi ili ishuke, ya pili hubadili taa, ya tatu hung'oa usukani. Nami sisemi asicheze. Ujana una haki yake. Nasema vile alivyoving'oa avifunge katika gunia na kuviweka uvunguni. Mpenzi wa magari wa miaka ijayo hatatafuta usukani wa dukani. Atatafuta ule uliokuja na meli, na kitambaa cha kiti chenye maua ya kijivu, na vifuniko vya magurudumu ambavyo sisi huviona vikielea mitaroni kila mvua kubwa.

Atatafuta hata vitu tunavyoviona upuuzi. Mathalani zile redio zilizotengenezwa kwa masafa ya Japani, yaani 76 hadi 90, ambazo hazikuzipata stesheni zetu nyingi mpaka fundi aongeze kifaa. Au ile sauti ya mwanamke anayezungumza Kijapani kila unapowasha gari, akikukumbusha kuwa hujaweka kadi ya kulipia barabara kuu ya kwao. Watoto wengi wa mji huu wamekua wakidhani anawaamkia. Kile kibandiko cha duara kwenye kioo cha nyuma, kilichokuwa uthibitisho kuwa mwenye gari wa kwanza alikuwa na mahali pa kuegesha, usikikwangue. Na kibao cha namba! Leo mtu mwenye gari la namba A huona haya kando ya mwenye namba E, akatafuta hata visingizio. Siku moja namba A ndiyo itakayosababisha watu wapige picha.

Tusidanganyane, hata hivyo, juu ya fedha. Gari si kiwanja. Mfanyakazi anayeacha kulipa ada ya shule ili apake rangi Carina kwa matumaini ya kuja kutajirika hakunielewa, na mkewe atakuwa na haki ya kunilaani. Yapo magari ambayo kutu imekula sakafu na nguzo za milango. Hayo na yaende Gerezani au Shauri Moyo kwa heshima, viungo vyake viwasaidie wenzake. Ninayemzungumzia ni yule ambaye gari lake bado ni zima, ambaye dalali amemjia na bei ya kutupa, na ambaye kama angevumilia angeendelea kulitumia vizuri. Huyo namwomba afikiri mara mbili, kwa sababu fedha anayoahidiwa itakwisha mwezi huo huo, na gari la kuchukua nafasi yake litamgharimu mkopo.

Kulitunza si kazi ya matajiri. Corolla na Carina za injini za A, pamoja na Starlet na Mark II, zinatumia mkanda wa taimingi, nao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000. Vitz na IST za injini za NZ zinatumia mnyororo na hazidai hilo. Usikubali fundi akung'olee themostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini iliundwa kufanya kazi katika joto lake maalumu, na bila kifaa hicho hula mafuta na kuchakaa upesi. Maji ya bomba ndani ya rejeta huleta kutu, basi tia kulenti. Wakazi wa Kigamboni, Tanga na Unguja wanajua upepo wa chumvi unavyofanya mabati: inua mazulia mara moja kila baada ya masika, uone sakafu imelowa au la, kwa kuwa kutu huanzia pale usipopaona. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa dereva lakini ni kibaya kwa rangi, kwa ajili ya utomvu na popo.

Zaidi ya hayo, tunza karatasi. Kadi ya gari, hati iliyotoka nalo Japani, risiti ya bandarini, daftari la fundi kama lipo, vyote viwekwe katika bahasha moja pamoja na vyeti vya watoto. Na leo, kabla maji ya ndoo hayajakauka, mwite jirani awapige picha mkiwa wote mbele ya gari, mama akiwa upande wa usukani kama yeye ndiye dereva. Isafishwe picha hiyo, isibaki ndani ya simu, na nyuma yake iandikwe namba ya gari, mwaka mlioinunua, na safari ya kwanza mliyokwenda nalo.

Jumapili ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya cherehani.